Ng'ombe Watatu wa Kasmiri

Kifaa kilijifuta Jumatatu asubuhi, kwenye kibanda changu cha kushonea nguo pale Bariadi mjini, na aliyekifuta ni mimi mwenyewe. Sitamsingizia mtu. Mimi na hasira tulizaliwa siku moja, na hasira ndiyo iliyotangulia kutoka.

Kilikuwa kidude cha mdogo wangu Kasmiri, Mungu amrehemu. Ukikiona utadhani ni flash ya kuwekea nyimbo, ila hiki kina kioo kidogo na vitufe viwili. Kasmiri alikuwa anakaa Mwanza, anaandika programu za kompyuta kwa watu wa nje ambao hakuwahi kuwaona hata siku moja, nao wakimlipa kwa sarafu za mtandaoni, hizi bitkoini. Ufunguo wa hizo sarafu aliuweka humo. Alifariki mwezi wa tatu kwa ajali ya pikipiki, hana mke, hana mtoto, na juu ya boksi la kile kidude alikuwa ameandika jina langu: Lukresia.

Nilikaa nalo miezi mitatu bila kuligusa. Kilichonifanya niliguse ni kaka yetu mkubwa, Nyanda. Nyanda alikuwa anauza mji wa baba kule Sapiwi. Nyumba, zizi, mashamba, vyote. Mnunuzi alikuwa anakuja Jumamosi na milioni kumi na nane. Baba na mama wamelala pale, na Kasmiri udongo wake ulikuwa haujashuka hata vizuri. Nilipozisikia habari hizo kwenye matanga nilimsimanga Nyanda mbele ya watu, nikamwita mchuuzi wa makaburi, na tangu siku hiyo hatukusemeshana. Nikasema moyoni, huo mji nitaununua mimi, tena kwa hela ya Kasmiri, nimwone atasemaje.

Kidude kilitaka namba ya siri. Nikaweka mwaka aliozaliwa Kasmiri, kikakataa. Nikaweka mwaka aliofariki mama, kikakataa, kikaandika kwamba nafasi imebaki moja. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikakiambia, "Wewe nani wa kunitisha kwenye kibanda changu?" Nikaweka mwaka niliofunga ndoa. Kioo kikazima, kikawaka, na kikanikaribisha kama mgeni ambaye ndiyo kwanza amekinunua dukani.

Nililia mpaka mteja aliyefuata gauni lake akaliacha akaondoka.

Nikampigia binti yangu Goodness, anafanya kazi Mwanza, yeye ametulia, alichukua kwa baba yake. Akasema, "Mama, usilie. Hela haikai humo ndani. Humo mnakaa ufunguo tu. Kuna maneno ishirini na manne ya Kiingereza, yana mpangilio wake. Ukiyapata, unayaingiza kwenye kidude hicho hicho na kinarudi kama zamani. Lakini anayeyajua maneno ndiye mwenye hela, awe wewe, awe mwizi. Anko lazima aliyaandika mahali. Umeangalia boksi mpaka chini?"

Sikuwa nimeangalia mpaka chini. Huwa siangalii. Chini ya kile kikatoni, imekunjwa mara nne, kulikuwa na karatasi yenye mwandiko wa Kasmiri ule wa kuegemea kushoto.

"Dada, najua umeshakasirika. Pole. Ng'ombe wangu ni watatu, nimewaweka kwa marafiki wa baba, kwa mpangilio ule aliokuwa anawatembelea. Kila mmoja ana maneno manane. Usiwapige picha. Usiwaandike kwenye simu wala kompyuta. Usimpe mtu anayeomba kukusaidia. Waingize kwenye kidude chenyewe tu, basi."

Nikaanza kucheka huku machozi yanatoka. Mjinga yule! Mtoto wa kompyuta, na bado akachunga mali yake kama Msukuma wa zamani.

Maana baba ndivyo alivyokuwa. Ng'ombe wa baba walipita mia, lakini zizini kwake usingekuta zaidi ya arobaini. Wengine alikuwa amewaweka kwa rafiki zake, huyu kumi, yule ishirini. Aliyewekewa anakunywa maziwa, mbolea ni yake, lakini ng'ombe ni wa baba. Ugonjwa ukiingia kwetu, haumalizi wote. Wezi wakija, hawapati wote. Na jirani mwenye kijicho hana namna ya kujua una ng'ombe wangapi. Kila mwaka pamba ikishauzwa, baba alifunga safari kwenda kuwaangalia. Alianza Mkula, akaenda Bukundi, akamalizia kwa Ndalahwa, hapo hapo Sapiwi, ng'ambo ya mto. Mimi msichana nilikuwa nakatazwa kwenda, na nilikuwa naenda. Nyanda mbele na fimbo, baba katikati, mimi nyuma, na Kasmiri wa miaka minne mabegani mwa Nyanda, anaimba ovyo. Jamani, siku zile! Miguu inauma, vumbi mpaka kwenye meno, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kufika.

Habari hazifichiki mjini. Jioni ile ile jamaa wa duka la simu jirani yangu, mtu mzima na kitambi chake, akanijia na tabasamu. "Mama Goodness, nasikia una tatizo la pochi ya sarafu. Kuna tovuti, unaandika yale maneno yako, hela inarudi dakika tano. Niletee nikuandikie." Nikamwambia nitamwandikia yeye mgongoni kwa futi yangu ya mbao. Alitoka mbio, na mpaka leo ananisalimia kwa mbali.

Jumanne nikapanda gari la Lamadi, nikashuka Mkula. Mayu Mektilda, mjane wa rafiki yake baba, alikuwa anaanika mpunga uani.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, kama mtoto kwa mama.

"Mwadila, ng'wana. Nimekungoja tangu mwezi wa tatu. Kaa ule kwanza."

Mimi nataka karatasi, yeye ananiletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando. Ukikataa chakula cha Mektilda umemtukana, basi nikala. Nilipomaliza akaingia ndani, akatoka na kitabu chake cha sala, na ndani ya kitabu karatasi imefungwa kwenye nailoni. Nikatoa simu ili nione vizuri kwa tochi, akanipiga kofi mkononi.

"Weka hiyo! Kasmiri alisema simu isikaribie."

"Mayu, nawasha taa tu."

"Jua lote hili unawasha taa ya nini?"

Akanieleza jinsi Kasmiri alivyokuwa anakuja kila mwaka na kilo tano za sukari na kitenge. Alikuwa anamwambia, ng'ombe wangu huyu hana maziwa, bibi, ndiyo maana nakuletea chai. Tulicheka wote wawili, halafu Mektilda akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Sikujua kama Kasmiri alikuwa anapita huko. Mimi Mkula nilikuwa sijakanyaga miaka thelathini na saba, ingawa ni safari ya gari moja tu.

Bukundi ilinila siku mbili, basi hadi Mwanhuzi, halafu pikipiki na mashimo yake. Mzee Joakim sasa hasikii vizuri, unazungumza naye kama unaita mtu ng'ambo ya bonde. Lakini kumbukumbu anayo.

"Wewe ndiye yule mtoto aliyekataa mlenda wa mke wangu!" akapiga kelele.

"Ndimi, baba!"

"Ukasema unateleza kama makamasi!"

"Nilikuwa mtoto, baba!"

"Baba yako aliona aibu, akala na wako!"

Wajukuu zake wakacheka mpaka wakashikana. Karatasi yake aliiweka ndani ya kibuyu alichokiziba kwa nta, na aliniruhusu nikivunje baada ya kuwaita wanawe wawili wasimame washuhudie, kwa sababu mali ya mtu haitolewi kimya kimya. Akawaambia wageukie ukuta wakati naangalia kama maneno ni manane. Yalikuwa manane. Maneno yenyewe sitawatajia hata mkinichinja.

Ijumaa asubuhi Goodness akafika kutoka Mwanza, tukaenda wote kwa Ndalahwa. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Maneno kumi na sita ninayo, manane yamebaki, na Jumamosi ni kesho. Ndalahwa alikuwa ameketi kwenye kigoda anasuka kamba. Nikamsalimu, nikamweleza. Akanitazama kwa huruma.

"Wabeja, ahsante kwa kuja, ng'wana. Lakini mimi nilisharudisha."

"Umerudisha nini?"

"Ng'ombe wa Kasmiri. Nilimrudisha siku ya kumaliza matanga."

"Kwa nani?"

"Kwa nani tena? Kwa mkubwa wa nyumba. Mwenye ng'ombe akifa naye hana mtoto, ng'ombe hurudi kwa kaka yake. Nilimkabidhi Nyanda mkononi, mbele ya watu wanne."

Yesu na Maria! Nilimpigia mzee wa watu kelele ambazo naziungama mpaka leo. Nikamwambia ile ni karatasi si ng'ombe, nikamwambia ameniua. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake haikuacha kamba.

"Kasmiri aliniambia ni ng'ombe," akasema. "Nikamfanyia kama ng'ombe. Ulitaka nifanyeje?"

Njiani Goodness akasema, "Mama, inabidi umwombe mjomba." Nikamwambia bora nimeze sindano. Akasema, "Meza basi, kesho Jumamosi." Huyo mtoto ana mdomo siku akitaka.

Tulivuka mto, tukapanda kile kilima kidogo, na mji wa baba ukatokea. Zizi lilikuwa limebaki miti michache. Jiwe alilokuwa akikaa baba kuhesabu ng'ombe wakiingia jioni lilikuwa pale pale. Nyanda alikuwa uani anafunga magunia, ana miaka sitini sasa, mabega yamelala. Mkewe na wanawe walishahamia Katavi na mifugo kutafuta malisho, kama walivyohama wengi, na yeye alikuwa anauza ili awafuate.

Nilikuwa nimejipanga njiani. Nimpe nusu. Akikataa, nimtishie baraza la kata. Akikataa tena, nilie. Mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu, nikamwambia kabla hata ya kukaa, "Nyanda, una karatasi ya Kasmiri. Unataka shilingi ngapi?"

Hakuinua uso. Alikaza fundo la gunia, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa shati lake la kanisani. Alikuwa ameukata mfuko wote na kuushona kwa juu, karatasi ikiwa ndani. Akanipa.

"Shilingi ngapi?" nikauliza tena, maana sikuamini.

"Ng'ombe wa mtu nitamuuzaje?"

"Hukumtafuta mtu akusomee?"

"Nisomewe nini? Kasmiri hakuniambia nisome. Ndalahwa aliniambia tunza."

Nyanda hajui kusoma Kiingereza, na Kiswahili anasoma kwa kubahatisha. Aliachishwa shule darasa la pili ili achunge, baba akapata watoto wawili wa kupeleka mbele. Mimi nikafika kidato cha nne, Kasmiri akafika chuo kikuu. Tulisoma kwa miguu ya Nyanda, huo ndio ukweli, na mimi nilimwita mchuuzi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Goodness akatupanga kama mwalimu. Simu zote, hata yake, zikapelekwa chumba cha pili. Mlango ukafungwa. Kidude kikachomekwa kwenye betri ya sola ya Nyanda, na nikaanza kuingiza maneno, herufi moja moja, kitufe cha kulia, kitufe cha kushoto, vyote viwili kukubali. Vidole vyangu vimezoea cherehani, vinakimbia. Nilikosea neno la tatu, nikarudi nyuma, nikakosea tena. Nyanda akasema, "Taratibu, Lukresia. Hawakimbii." Kila neno alimwuliza Goodness maana yake, na Goodness akamnong'oneza kwa Kiswahili. Mengine yalimchekesha. Kuna moja, la karatasi yake mwenyewe, liliponong'onezwa alisema, "Huyo mtoto!" kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwambia Kasmiri akiimba ovyo mabegani.

Ilichukua karibu saa nzima. Tulikuwa watatu tumeinamia kikioo cha ukubwa wa kucha, na nawaambia kweli, kwa saa ile nilisahau hela. Nilikuwa naisikia harufu ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe kama zamani, baba anakohoa nje, mama anatuita tukale. Nilitaka yale maneno yawe mia mbili.

Neno la mwisho likakubali. Goodness akaleta simu yake, akaunganisha ili tuone kilichomo, bila kuandika neno hata moja kwenye hiyo simu. Akatuonyesha. Ilikuwa zaidi ya milioni ishirini na sita.

Nilishangilia kama kichaa. Nikamgeukia Nyanda, nikamwambia, "Basi! Kesho mwambie mnunuzi wako arudi alikotoka. Kumi na nane yake nakupa mimi. Mji hautoki kwetu!"

Nyanda alizipanga pamoja zile karatasi tatu. Halafu akauliza, "Ukishanunua, nani atawasha moto hapa?"

"Nitaweka mlinzi."

"Mlinzi," akasema. Alilirudia polepole. "Baba hakuweka mlinzi. Aliniweka mimi. Nina miaka tisa akaniambia, wewe utabaki na mji, watakaokufuata wataenda. Nikabaki. Miaka hamsini na moja, Lukresia, sijauza hata jiwe. Baba alipokuwa hai aliwaangalia watu aliowaachia mali yake. Kila mwaka, kwa miguu. Mimi nani aliyekuja kuniangalia?"

"Mimi nimekuja," nikasema.

"Umefuata karatasi."

Bariadi mjini na Sapiwi ni nauli ya pikipiki tu. Miaka yote ile nilikuwa naukumbuka mji wa baba kwa machozi nikiwa kwenye cherehani, namsimulia kila mteja, na haikunijia kwamba kuna mtu amebaki humo.

"Kaka, nisamehe," nikasema. Nilikuwa sijamwita kaka tangu matanga. "Nitakuja kila mwezi."

"Usiniahidi. Baba hakuwa anaahidi. Alikuwa anakuja."

Hela hakuichukua. Nilimsihi, Goodness akamsihi, akasema ibaki ilipo. Jumamosi saa nne mnunuzi alifika na mfuko wake, mimi nipo nimesimama mlangoni nimefunga khanga kiunoni tayari kwa vita. Hapakuwa na vita. Nyanda alimsalimu vizuri, akampa maji ya kunywa, akamwambia arudi mwakani baada ya mavuno ya pamba, atamjibu. Huo mwaka mmoja alikuwa ananipa mimi, aone kama nitakuja, na hakunitazama alipousema.

Karatasi mbili nimezirudisha Mkula na Bukundi, kwa sukari na kitenge. Ya tatu iko kwa Nyanda.

Wiki mbili baada ya hapo nilifunga kibanda Jumatano mchana, siku isiyo na sababu, nikachukua pikipiki hadi Sapiwi. Sikubeba nguo ya kushona wala karatasi ya kusaini. Nyanda alikuwa anachimba viazi nyuma ya zizi. Aliniona, akasimama, akafuta jasho.

"Umefuata nini?" akauliza.

"Sikufuata kitu, kaka. Nimekuja kukuangalia."

Akalaza jembe chini. Akasema ngoja nikutafutie kiti, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na kiti alikuwa amekisahau.